Njia ya Ngarambe: Safari za Miguu kati ya Chumbi na Milima ya Matumbi

Njia za miguu zitokazo Chumbi kwenda Milima ya Matumbi hukata nchi ya namna tatu. Kwanza kuna bonde la Mto Rufiji na mabwawa yake, penye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Kisha unafuata uwanda wa mchanga wenye vichaka, miembe na mikorosho. Mwisho ni vilima vyenyewe, vyenye makorongo, misitu na miamba ya chokaa iliyotobolewa na maji hata ikawa na mapango makubwa. Chumbi ni kata ya Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, ng'ambo ya kusini ya mto, jirani na Muhoro. Kaskazini yake, baada ya kuvuka mto, ziko Ikwiriri na Kibiti. Mashariki iko delta na mikoko yake. Kusini, ndani ya Wilaya ya Kilwa, ndiko Umatumbi, penye Kibata, Kipatimu, Chumo na Nandete.

Kwa jirani wa namna hii, kutembeleana lilikuwa jambo la lazima. Bonde lilikuwa na mpunga na samaki, vilima vilikuwa na mtama, muhogo na ardhi isiyofikwa na mafuriko. Warufiji walilima hata baada ya mto kupwa, kilimo wanachokiita mlau, wakalinda mashamba juu ya madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwa nguzo. Mwaka ambao maji yalizidi kimo, watu wa bonde walipanda kwa jamaa zao wa nchi ya juu. Mwaka ambao mvua iligoma, watu wa vilimani walishuka kutafuta chakula bondeni. Njia hizi zilikanyagwa kwanza na shida na undugu, muda mrefu kabla hazijakanyagwa na biashara.

Msafiri wa miguu alihitaji vitu vichache, lakini kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Kichwani aliweka ngata, pete ya majani au kitambaa kilichosokotwa, ili mzigo ukae bila kuumiza utosi. Mwenye mizigo miwili aliibeba kwa mzega, kila mmoja ukining'inia upande wake wa mti uliolazwa begani. Chakula cha njiani kilikuwa kile kisichooza: unga, makopa ya muhogo, chumvi. Maji yalikwenda kwenye kibuyu. Kilichobaki kilikuwa juu ya wenyeji wa vijiji vya njiani, nao walitoa mahali pa kulala, moto na kitoweo kilichokuwapo. Aliyepokewa leo alijua kwamba kesho atapokea. Bila desturi hiyo, safari ya siku nyingi kwenye nchi yenye simba na mito isiyo na madaraja isingewezekana kwa mtu wa kawaida.

Katika karne ya 19 njia hizo zililazimika kubeba watu wa aina nyingine. Kilwa Kivinje ilikuwa imekua na kuwa bandari kuu ya biashara ya bara la kusini, na misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapo ikiwa na pembe za ndovu na watumwa. Kutoka nchi ya nyuma ya pwani ziliteremshwa pia sandarusi na, baadaye, mpira wa porini. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kirongozi alitangulia, wenye mizigo wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa njia haikuwa na upana wa watu wawili. Hadi leo njia za zamani za vilimani zina umbo hilo: mfereji mwembamba uliochimbwa na nyayo.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Marufuku hiyo haikuwasaidia waliokuwa wamekwisha kufungwa minyororo Kilwa. Wafanyabiashara waliiacha bahari wakashika nchi kavu, wakawaswaga watu kuelekea kaskazini kandokando ya pwani, kupita nchi ya Rufiji hadi Dar es Salaam, Bagamoyo na Pangani. Afisa wa Uingereza, Frederic Elton, aliyesafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa mwaka huohuo, aliandika hesabu ya misafara aliyokutana nayo. Katika mwezi mmoja tu, kutoka Desemba 1873 hadi Januari 1874, watumwa waliopita walikuwa zaidi ya 4,000. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku na njia hiyo ya nchi kavu. Idadi ya waliofia kwenye vivuko na matope ya Rufiji katika miaka hiyo mitatu haikuandikwa na yeyote, na hilo ni pengo linalouma katika historia ya nchi hii, kwa sababu makaburi yao yako mahali fulani chini ya mashamba ya leo.

Utawala wa Wajerumani ulizikuta njia hizo na kuzitumia kwa amri. Kuanzia 1898 kila nyumba ilitozwa kodi, rupia tatu kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alilipa kwa kazi. Muhoro palijengwa boma. Chini ya boma walikuwako maakida, wengi wao watu wa pwani waliowekwa juu ya nchi isiyo yao, na chini ya maakida walikuwako majumbe. Gavana von Götzen, aliyeshika utawala mwaka 1901, alitaka koloni lizae pamba, na kuanzia 1902 yalianzishwa mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo wanakijiji walilazimishwa kuyalima kwa ujira usiotosha kununua chochote cha maana. Umatumbi palikuwa pia na mlowezi aliyetaka watu wamlimie pamba yake. Wakati wa kulima pamba ya serikali ulikuwa ndio wakati wa kulima mtama wa nyumbani, na wakati wa kuivuna ndio wakati wa kuwinga ndege na nguruwe kwenye mashamba. Aliyechelewa alilazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini. Wamatumbi walikuwa watu wasio na mfalme. Kila ukoo ulijitegemea kilimani kwake. Kulazimishwa na akida mgeni kwao kulikuwa dhara na dharau kwa wakati mmoja.

Katika hali hiyo ndipo zilipoanza safari za Ngarambe.

Ngarambe ni kijiji kilichoko kaskazini-magharibi ya Umatumbi, kuelekea mapori ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Aliishi hapo mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo Hongo, akavutwa kifudifudi hadi kwenye bwawa la mto, akazama mbele ya macho ya jamaa zake. Walimtafuta bila kumwona. Kesho yake aliibuka kwenye bwawa lilelile, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kusema mambo ya mbele. Hongo alijulikana katika nchi yote ya Rufiji kuwa yuko chini ya Bokero, mzimu mkubwa wenye makao Kibesa, kwenye Mto Rufiji. Kwa hiyo neno la Ngarambe halikuwa geni kwa waliolisikia. Lilisemwa kwa jina ambalo babu zao walikuwa wakiliendea kuomba mvua na rutuba, na hapo ndipo nguvu yake ilipotoka.

Habari zilienea kwa manong'ono. Wamatumbi waliyaita njwiywila, au jujila: maneno ya siri yanayopita kutoka sikio hadi sikio, bila ngoma wala mbiu, ili yasifike kwa akida. Yalisema kwamba Ngarambe yuko mtu mwenye dawa, kwamba waliokufa wako kwake salama na wanaweza kuonwa, na kwamba kila mtu aende akajionee. Kuanzia katikati ya 1904, na kwa wingi zaidi katika nusu ya kwanza ya 1905, watu walifunga safari. Walitoka Umatumbi, Ukichi na Ungindo. Walitoka bonde la Rufiji pande zote mbili za mto. Walikwenda kwa koo, kila ukoo na kiongozi wake, wanaume, wanawake na watoto wakubwa, wakibeba chakula chao.

Wazee waliohojiwa miaka sitini baadaye waliifananisha safari hiyo na msafara wa harusi. Watu waliimba, wakacheza, wakapiga vigelegele njia nzima. Mfano huo unastahili kuzingatiwa. Waliokuwa wakipita njia hizohizo kwa kufungwa, kwa kodi au kwa mzigo wa mtu mwingine, sasa walizipita kwa shangwe na kwa hiari yao. Vitabu vingi vya historia huiruka safari hii kwa sentensi moja ili kuwahi kwenye bunduki na mikuki, nayo ikabaki kama mlango wa vita tu. Lakini kwa karibu mwaka mmoja hapakuwa na vita. Palikuwa na maelfu ya watu wa koo zilizozoea kugombana wakitembea pamoja kupita nchi ya kila mmoja, wakilala kwenye vijiji ambavyo zamani wangevipita usiku kwa hofu. Umoja ambao baadaye uliwashangaza Wajerumani ulijengwa kwanza na miguu hiyo.

Ngarambe kwenyewe Kinjikitile alikuwa amejenga nyumba kubwa, iliyoitwa Kijumba-nungu, nyumba ya Mungu, iliyosemekana kuwa na roho za wahenga. Wageni walipofika walilala, kila kundi mahali pake, na usiku walicheza likinda. Kwa nje likinda ilionekana ngoma. Kwa ndani ilikuwa mazoezi ya kupanga safu, kusonga pamoja, kushika silaha na kuiachia kwa amri moja. Asubuhi walipewa dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama: wengine walinyunyiziwa, wengine waliinywa, wengine walipewa wakaenda nayo kwenye kimwanzi kidogo kilichovaliwa shingoni. Mabua ya mtama yalifungwa kichwani. Vitu hivyo vyote vilitoka kwenye shamba na mto wa mkulima wa kawaida. Hakuna hata kimoja kilichonunuliwa dukani Kilwa. Waliambiwa kwamba maji hayo yatageuza risasi za Mjerumani kuwa maji, na waliambiwa pia wasianze lolote mpaka neno litoke.

Si kila mtu aliweza kwenda. Wagonjwa, wakongwe, wenye watoto wachanga na watu wa nchi za mbali sana walibaki. Kwa ajili yao wajumbe walichukua maji na kuyapeleka. Mjumbe wa dawa aliitwa hongo, kwa jina la pepo mwenyewe, na alitembea majuma mengi kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa na dawa na maelezo yake. Kila alikofika alilishwa na kulazwa na waliokuwa wakimsubiri. Mmoja wao, Kinjala, alifika hadi Ungoni kwa Chabruma, mwendo wa mamia ya kilomita kuelekea kusini-magharibi, kupita nchi ambazo lugha na desturi zake zilikuwa tofauti na za Rufiji. Maji yalifika pia Uzaramo, Ungindo yote, Upogoro na Umbunga. Ramani ya vita vya Maji Maji vilivyozuka baadaye, ukiitazama vizuri, ni ramani ya mahali miguu ya mahongo ilikofika.

Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, walikwenda kwenye shamba la pamba la amri wakang'oa miche. Kung'oa huko kulikuwa tangazo la vita, na kila aliyeona alielewa. Akida wa Kibata alipotuma watu kuchunguza, ngoma ya vita ililia, na siku chache baadaye akida mwenyewe alifukuzwa. Kibata ilishikwa na Wamatumbi, na maduka ya pwani huko Samanga, ambayo leo ni Somanga, yakachomwa.

Kinjikitile hakuyaona hayo akiwa huru. Alikuwa amekwisha kukamatwa katikati ya Julai na kupelekwa Muhoro. Wajerumani walimwita Bokero, kwa kuchanganya jina la mtu na jina la mzimu. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Muhoro pamoja na msaidizi wake. Masimulizi yanasema kwamba kabla ya kufa aliwaambia waliomfunga kuwa kumuua hakutafaa kitu, kwa sababu dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Awe aliyasema kwa maneno hayo au kwa mengine, ndivyo ilivyokuwa: wiki hizohizo Liwale ilichomwa, Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani wakitoka Kilwa kwenda bara, na tarehe 30 Agosti boma la Mahenge lilishambuliwa na maelfu. Ndugu yake Kinjikitile, Njugumaina, alishika kazi ya kugawa dawa kwa jina la Nyamguni.

Maji hayakuzuia risasi. Serikali, baada ya kupata askari wa nyongeza, iliacha kupigana na watu ikaanza kupigana na chakula: maghala yalichomwa, mashamba yalifyekwa, mifugo ikatwaliwa. Umatumbi njaa hiyo iliitwa fugufugu. Watu walijificha kwenye mapango ya chokaa, na pango la Nang'oma ndilo linalotajwa zaidi hadi leo. Wajerumani walikadiria waliokufa kwa vita na njaa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyechunguza upya miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa za Ungindo zilibaki bila watu, na pori lilirudi mahali palipokuwa na vijiji. Njia nyingi za vilimani zilizibwa na nyasi kwa sababu moja tu: wa kuzipita hawakuwapo tena.

Kabla kizazi kilichozaliwa baada ya njaa hakijakomaa, vita vingine vilikuja, Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa ndani ya delta ya Rufiji, na mizinga yake ikatolewa na kukokotwa nchi kavu kwa mikono ya watu. Mmojawapo wa mizinga hiyo ulifika Kibata, na kuanzia Desemba 1916 hadi Januari 1917 vilima vya Matumbi vilikuwa uwanja wa mapigano makali kati ya jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck na la Waingereza. Kuupandisha mzinga kilimani wakati wa mvua ni kazi inayoweza kupimwa: kila hatua ilihitaji kamba, magogo na mamia ya watu wanaovuta kwa kiitikio. Pande zote mbili zilikamata wapagazi. Mvua za mapema 1917 zilijaza Rufiji, posho ikakatika, na kuhara na homa vikaua zaidi ya risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vyote vya Afrika Mashariki walikuwa zaidi ya 90,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwa watu kama Kariakoo, jina la soko la Dar es Salaam, na wengi wanaonunua vitu sokoni hapo hawajui kwamba wanalitaja jina la waliokufa wakibeba.

Katika miongo ya utawala wa Waingereza safari za miguu hapa zilikuwa za kawaida tu: kwenda Utete kwenye makao ya wilaya, kupeleka pamba na ufuta kwa wanunuzi, kumfuata mganga, kumtolea mahari binti wa ng'ambo ya kilima. Hizo hazina mengi ya kuelezwa, ila ndizo zilizozifungua upya njia zilizofungwa na njaa.

Mwaka 1967 kutembea kulipata maana mpya kote nchini. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa tarehe 5 Februari, vijana wa mikoa mbalimbali walianza kutembea kwa miguu, mamia ya kilomita, kwenda kuonyesha kwamba wanaliunga mkono. Walipokewa vijijini kwa chakula na malazi, bila malipo, na wenyeji wa njiani wakaungana nao kwa kipande cha safari kisha wakarudi makwao. Kijana mmoja, Seti Benjamin, alifariki njiani akiwa safarini kwenda Dar es Salaam, na jina lake likawekwa kwenye kumbukumbu ya taifa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Rais Julius Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Alisema kuhusu kujitegemea, na kwa siku hizo alijitegemea kwa miguu yake. Walioandika habari za matembezi hayo hawakuyaunganisha na Ngarambe, lakini mfumo ni uleule: watu wanaondoka kwa hiari, wanakwenda kwa makundi, wanalishwa na vijiji, na kufika kwao kunahesabiwa kuwa ni kufika kwa wote waliobaki nyumbani.

Miaka hiyohiyo ndipo wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipozipanda tena njia za Matumbi wakiwa na daftari. Gwassa alikaa na wazee waliokuwa vijana mwaka 1905, akaandika walivyotembea, walivyolala, walivyocheza likinda. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe walichapisha sehemu ya kwanza ya kumbukumbu hizo, na mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake *Kinjikitile*, iliyolipeleka jina la mtu wa Ngarambe kwenye shule za sekondari. Wazee hao hawakuishi miaka mingi baada ya hapo. Kama Gwassa angechelewa muongo mmoja, msafara wa harusi usingejulikana kabisa, na kitu pekee ambacho kingebaki juu ya Ngarambe ni ripoti za maofisa waliomnyonga mwenyeji wake.

Matembezi ya hisani, kwa jina hilo, ni ya karibuni zaidi. Watu hujiandikisha, wafadhili huahidi fedha, na mwendo unaokamilishwa hugeuka vitanda vya hospitali, madarasa au dawa. Tanzania yanayojulikana zaidi ni yale ya kuupanda Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na mgodi wa dhahabu wa Geita na kuendelea kwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Utaratibu wake una mambo ambayo wazee wa Matumbi wasingeyajua, kama vile fulana zenye majina ya wafadhili na hundi kubwa za kupigiwa picha. Lakini kiini chake wangekijua mara moja: mwenye nguvu ya kwenda anakwenda kwa ajili ya asiye nayo, na anayebaki anatoa alichonacho ili mwendaji afike. Hongo aliyebeba kimwanzi cha maji kwenda kwa wakongwe wasioweza kufika Ngarambe alikuwa akifanya kazi hiyohiyo.

Katika nchi ya Chumbi kwenyewe mabadiliko makubwa yalikuja na barabara. Mafuriko ya 1968 yalifuatwa na operesheni ya kuwahamisha watu wa bonde kwenda vijiji vya nchi ya juu, na madungu mengi yakabaki matupu isipokuwa msimu wa kulima. Kwa miaka mingi Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika ilipochachamaa, mabasi ya Kusini yalilala foleni siku kadhaa huku abiria wakichapa mguu kutafuta chakula vijijini. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, ilikamilika zaidi ya miaka kumi baadaye. Kuanzia hapo mtu wa Chumbi aliweza kufika Dar es Salaam au Lindi siku hiyohiyo.

Mto haukukubali kuachwa. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Muhoro na vijiji vya jirani, kaya nyingi zikahama nyumba zao, na Mei mwaka huohuo mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu sehemu za Somanga, magari yakakwama pande zote mbili.

Anayetaka kwenda Umatumbi leo hupanda gari hadi Njia Nne, kisha huchukua bodaboda kupanda Kipatimu. Ngarambe hufikiwa kwa upande mwingine, kupitia vijiji vya mpakani mwa hifadhi, na wakazi wake pamoja na wa kijiji cha Tapika wameunda jumuiya ya kulinda wanyamapori. Muhoro alikonyongwa Kinjikitile na Nandete ilikong'olewa pamba kila kimoja kina barabara yake. Njia ya miguu iliyokuwa ikizipita nchi hizo haina kibao chochote. Inaendelea kutumiwa kwa vipande: na wakulima waendao shambani, na wanawake waendao zahanati wakiwa na mtoto mgongoni, na watu wa vilimani wanaoshuka bondeni kutafuta mpunga mwaka ambao mvua imegoma.